Daftari la siku za wapiga kinanda

Mwalimu aliyenifundisha kinanda hakuijua siku aliyozaliwa. Mama yake alimwambia ni mwaka wa nzige, majira ya kuchuma kahawa, na padri aliyembatiza akajaza mwaka kwa kukisia. Kila alipotakiwa kuandika tarehe kamili kwenye fomu aliandika 1 Januari, kama walivyofanya wazee wengi wa rika lake kule Mbinga. Siku aliyofariki ndiyo naijua: 9 Novemba, alfajiri, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia.

Wakati huo nilikuwa tayari na daftari langu. Ni daftari la shule la kawaida, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kila mwezi una kurasa zake, na humo naandika siku za wapiga kinanda na watunzi wa muziki wa kinanda: huyu alizaliwa, huyu alifariki, huyu alikabidhiwa kinanda cha kanisa fulani. Pembeni ya kila tarehe naandika kipande nitakachokipiga siku hiyo. Tarehe isiyo na kipande cha kupiga siiandiki, hata kama mwenyewe alikuwa mtu mkubwa namna gani.

Kutunza tarehe si jambo geni kwetu. Mtu akifariki tunahesabu arobaini, tunaomba nia ya misa mwaka hadi mwaka, na familia zenye uwezo huweka picha gazetini: "Leo ni miaka 10 tangu ulipotutoka." Nilichofanya mimi ni kuongeza majina ya watu wasio wa ukoo wangu.

Kinanda ninachokisema ni kile cha mabomba, kinachoimba kwa upepo. Kila bomba lina sauti moja tu, basi ukitaka sauti nyingine sharti uwe na bomba jingine. Ndiyo maana kinanda kikuu cha kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris kina mabomba yanayokaribia 8,000, mengine madogo kama penseli na mengine marefu kama mnazi. Mpigaji hukaa juu, nyuma ya waumini, amewapa mgongo nao wamempa mgongo. Unaweza kusali kanisa moja maisha yako yote, ukaujua mkono wake kuliko unavyoijua sauti ya jirani yako, na usimtambue ukipishana naye sokoni.

Mwalimu hakuwahi kukiona kinanda cha namna hiyo kwa macho. Chake kilikuwa kile kidogo cha kukanyaga, ambacho miguu inajaza upepo huku mikono inapiga. Panya walikuwa wametafuna ngozi ya mivukuto, akaiziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ukikanyaga kwa pupa, kinalia kama mbuzi. Ukikanyaga kwa subira, kinaimba. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kukigusa miezi ya mwanzo. Alichora vitufe kwa chaki juu ya meza ya sakristia, vile vyeusi akavipaka mkaa, na tukafanya mazoezi hapo kimya kimya, yeye akiangalia vidole na kuimba solfa. Ukikosea alijua, ingawa hapakuwa na sauti yoyote.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Albert Schweitzer, nikaikumbuka meza ile tena.

Schweitzer alizaliwa Kaysersberg, Alsace, tarehe 14 Januari 1875. Alikuwa mpiga kinanda wa kiwango cha juu, mwanafunzi wa Charles-Marie Widor, mpiga kinanda wa Paris, na mwaka 1905 alitoa kitabu kikubwa juu ya Bach, mtunzi wa Kijerumani. Kisha akasomea udaktari, na mwaka 1913 yeye na mkewe Helene wakaondoka kwenda Lambaréné, Gabon, kufungua hospitali. Waliondoka kijijini kwao Günsbach siku ya Ijumaa Kuu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia 23 Machi, kwa hiyo Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 21. Na 21 Machi ndiyo siku ya kuzaliwa ya Bach. Sijui kama mtu aliyekuwa akiishi na muziki wa Bach kiasi kile angeweza kutoiona tarehe hiyo, ila mimi nilipoiona niliweka kalamu chini.

Hata hivyo Bach ana siku mbili za kuzaliwa. Alizaliwa Eisenach mwaka 1685, wakati Waprotestanti wa Ujerumani walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani. Kwao ilikuwa 21 Machi. Kwa majirani zao Wakatoliki ilikuwa 31 Machi. Waprotestanti walibadilika mwaka 1700: watu walilala usiku wa 18 Februari wakaamka asubuhi ya 1 Machi. Bach alikuwa kijana wa miaka 14, yatima aliyelelewa na kaka yake, na siku kumi hivi za maisha yake zikapita bila kuwapo. Katika daftari nimebakiza 21, kwa sababu ndiyo tarehe iliyotajwa nyumbani kwao siku ile alipolia mara ya kwanza.

Nirudi Lambaréné. Chama cha Bach cha Paris kilimpa Schweitzer zawadi ya piano iliyofungwa pedali za kinanda, ili miguu yake isisahau kazi. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, ikabebwa ndani ya kasha lililokingwa kwa bati la zinki dhidi ya unyevu na wadudu. Alikuwa akiipiga baada ya kazi za hospitali. Vita vilipoanza mwaka 1914, yeye na mkewe, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani kwenye koloni la Ufaransa, waliwekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1917 wakapelekwa kambini Ufaransa. Huko hakuwa na piano wala kinanda. Akafanya mazoezi mezani: meza ikawa vitufe, sakafu ikawa pedali.

Nilimsimulia Mwalimu habari hiyo nilipokwenda likizo. Nilimkuta kibarazani. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu." "Milele amina, mwanangu, kaa." Nikamweleza ya daktari na meza yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Miguu alikuwa anavua viatu?"

Najua wasomaji wengi wa Kiafrika wana neno na Schweitzer, nami ninalo. Aliandika kwamba yeye ni ndugu wa Mwafrika, lakini ndugu mkubwa, na maneno hayo yananiuma kila nikiyakuta. Sikumwandika daftarini kwa ajili ya maneno hayo. Tarehe 4 Septemba, siku aliyofariki kule kule Lambaréné mwaka 1965, napiga Bach mezani, bila sauti, kwa mikono na miguu. Ndiyo siku pekee katika mwaka ninapofanya hivyo kwa hiari; nyingine hufanya kwa sababu umeme umekatika.

Machi ni mwezi uliojaa. Tarehe 12 ina watu wawili. Alexandre Guilmant alizaliwa 12 Machi 1837. Widor alifariki 12 Machi 1937, akiwa na miaka 93. Miaka 100 kamili kati ya pumzi ya kwanza ya mmoja na pumzi ya mwisho ya mwingine, na hawa walifahamiana vizuri: Widor alipoacha kufundisha kinanda kwenye konsevatori ya Paris, yaani chuo cha muziki, mwaka 1896, aliyeshika nafasi yake ni Guilmant. Habari ya Widor ninayoipenda ni ya kazi. Januari 1870, akiwa na miaka 25, alipewa kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice kwa muda tu. Muda huo ulikwenda karibu miaka 64. Amezikwa chini ya kanisa lile lile. Ile toccata yake ya simfonia ya tano, inayopigwa kwenye harusi dunia nzima, siipigi siku hiyo, maana inapigwa vya kutosha.

Siku inayofuata, 13 Machi, ni ya Fela Sowande, aliyefariki mwaka 1987 huko Ravenna, Ohio. Huyu ni wetu. Mnigeria, mtoto wa padri wa Kianglikana, alikuwa mwimbaji mtoto katika kanisa kuu la Christ Church, Lagos, chini ya Ekundayo Phillips. Baadaye London alipiga jazi, akapiga kinanda cha Hammond, kile cha umeme, mwaka 1943 akafuzu mtihani wa juu wa Chuo cha Kifalme cha Wapiga Kinanda, na baada ya vita akawa mpiga kinanda wa Kingsway Hall. Alichukua nyimbo za kanisa za Kiyoruba akaziandikia kinanda cha mabomba. Kipande chake "Obangiji" nilipokipiga mara ya kwanza baada ya komunyo, mama mmoja wa makamo alipanda ngazi hadi juu, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaniuliza wimbo ule ni wa kabila gani. Nikamwambia Wayoruba. Akasema, "Nilijua ni wa watu." Nimeandika maneno yake daftarini chini ya jina la Sowande, kwa wino mwekundu.

Sasa 2 Juni. Kama ningeambiwa nibakize ukurasa mmoja tu, ningebakiza huo.

Louis Vierne alizaliwa Poitiers tarehe 8 Oktoba 1870, karibu kipofu. Alisoma Paris kwenye shule ya watoto vipofu, na César Franck, mtunzi na mwalimu wa kinanda, akamsikia, akamtia moyo. Oktoba 1890 akaingia konsevatori rasmi katika darasa la Franck. Tarehe 8 Novemba Franck akafariki. Mwezi mmoja! Kijana amengoja miaka kuwa mwanafunzi kamili wa mtu anayemwona kama baba, na anapompata, anampata kwa mwezi mmoja. Widor akalichukua darasa, na Vierne akaja kuwa msaidizi wake, hadi mwaka 1900 alipochaguliwa kuwa mpiga kinanda wa Notre-Dame.

Maisha yake yalikuwa mazito. Aliumia mguu vibaya barabarani mwaka 1906, akalazimika kujifunza upya kukanyaga pedali. Ndoa ilivunjika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Uswisi akitibiwa macho, na huko zikamfikia habari za kifo cha mwanawe Jacques mwaka 1917, kisha za mdogo wake René, naye mpiga kinanda, aliyeuawa vitani mwaka 1918. Kinanda cha Notre-Dame chenyewe kilikuwa kimechoka, na mwaka 1927 alizunguka Marekani akipiga matamasha, fedha za kukitengeneza zikiwa sehemu ya sababu.

Jioni ya 2 Juni 1937 alikuwa na miaka 66. Kanisa lilijaa. Wanasema lilikuwa tamasha lake la 1,750, na siwezi kuandika nambari hiyo bila kukumbuka kwamba ni mwaka aliofariki Bach. Aliyekaa naye juu kumsaidia ni mwanafunzi wake Maurice Duruflé. Vierne alipiga kazi yake ya mwisho, ile ya sehemu tatu, ambayo kipande cha kufungia ni kama jiwe la kaburi la mtoto. Kisha ilikuwa zamu ya kutunga papo hapo, kama ilivyo desturi yao: mpigaji anapewa wimbo mfupi asioujua, anaujengea muziki pale pale. Wimbo aliletewa kwa maandishi ya vipofu. Akausoma kwa vidole. Akachagua sauti alizotaka. Halafu akaanguka mbele, na mguu wake ukatua kwenye pedali ya E, ile nzito ya chini. Noti hiyo moja ikaendelea kulia kanisani, na watu waliokuwa chini, ambao hawakumwona, wakadhani muziki umeanza.

Nimekuwa nikiifikiria noti hiyo miaka mingi. Vierne alikuwa akisema hamu yake ni kufia kwenye kinanda cha Notre-Dame, na watu husimulia jioni ile kama dua iliyojibiwa. Mimi nakwama kwenye ule wimbo mfupi. Aliusoma, akaupokea, akachagua rangi zake. Ina maana muziki ulikuwa umeshaanza kichwani mwake. Kilichotufikia sisi ni E peke yake.

Oktoba 2020 ilitimia miaka 150 tangu Vierne azaliwe. Ni zile tarehe za mviringo zinazopendwa na waandaaji wa matamasha. Lakini Notre-Dame ilikuwa imeungua tarehe 15 Aprili 2019, na ingawa kinanda kilinusurika moto, kilikuwa kimejaa vumbi la madini ya risasi. Kuanzia Agosti 2020 mafundi walikuwa wakikifungua bomba moja moja ili kikasafishwe. Siku ya miaka 150 ya Vierne, kinanda chake kilikuwa kinashushwa vipande vipande. Tangu hapo nimeacha kungojea miaka 100 na 150. Nafanya mwaka wa 83, wa 84, wa 87, miaka ambayo hakuna anayeihesabu. Kinanda kilirudi kulia 7 Desemba 2024, askofu mkuu wa Paris akikiita kiamke, mara nane, nacho kikiitika kila alipoita. Nilitazama kwenye simu na mke wangu, bando likakatika kwenye mwito wa tano. Tukakaa kimya, hatukununua jingine hadi asubuhi.

Duruflé yule aliyekuwa juu naye nimemwandika, kwa ajili ya 20 Juni. Ni siku alipouawa Jehan Alain, mtunzi na mpiga kinanda, karibu na Saumur, Ufaransa, mwaka 1940, askari mpeleka ujumbe kwa pikipiki, miaka 29, mke na watoto watatu. Duruflé akageuza herufi za jina Alain kuwa noti, akatunga prelude na fuga juu yake. Siku hiyo nakaa kimya, maana kipande ni kigumu na sijakiweza. Nasoma karatasi tu.

Je, tarehe 2 Juni napiga nini? Hapa ndipo Mwalimu anaporudi. Vierne alitoa kabla tu ya Vita Kuu vipande 24 vifupi, akaandika kwamba vinaweza kupigwa kwenye kinanda kikubwa au kwenye kile cha kukanyaga. Alijua kwamba makanisa mengi ya vijijini huko Ufaransa hayana mabomba 8,000. Kimojawapo ni bembelezi aliyomwandikia binti yake Colette. Nilipoipata, nilikaa wiki mbili jioni nikiinakili kwa solfa, kwa sababu Mwalimu hakusoma nota za mistari. Mkono wa kushoto ulinitesa. Solfa haikuzoea kubadilisha funguo namna ile, nikawa naandika upya "d" mpya kila mistari miwili. Nikaibeba kwenye bahasha hadi Mbinga.

Alivaa miwani, akaisoma karatasi nzima kwanza bila kugusa kinanda, midomo ikienda. Kisha akakanyaga. Mivukuto ilikuwa inavuja upande wa kulia, hivyo mguu wa kulia ulikwenda mbio kuliko wa kushoto, na juu ya ule mwendo usio sawa mikono yake ikaenda taratibu sana. Bembelezi ya mtu wa Paris ikatoka kwenye kinanda cha kigango, na mpira wa baiskeli ndani yake. Alipomaliza alisema, "Huyu alikuwa hamuoni mtoto wake. Alikuwa anamsikia." Nilikuwa sijamwambia kwamba Vierne alikuwa haoni vizuri.

Kuhusu Buxtehude, mpiga kinanda wa Lübeck, Ujerumani, pia tulizungumza siku hiyo. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, aliomba ruhusa ya wiki nne kazini kwake Arnstadt, akatembea kilomita zipatazo 400 hadi Lübeck kwenda kumsikia mzee huyo, akarudi baada ya miezi minne hivi. Wakuu wa kanisa walimkaripia Februari 1706, kwa kuchelewa na kwa kuingiza noti ngeni zinazowachanganya waumini. Buxtehude alifariki 9 Mei 1707, lakini siku yake ya kuzaliwa haijulikani hadi leo. Watu wanakisia mwaka tu, karibu na 1637. Mwalimu alifurahi kusikia hivyo. "Huyo mwenzangu," akasema, akarudia mara mbili.

Novemba ni mwezi wa marehemu wote, na kwenye daftari umejaa hadi pembeni. Tarehe 8 ni Franck. Katika miezi yake ya mwisho ya mwaka 1890, baada ya ajali ya gari la farasi, alimaliza zile koral tatu ambazo kila mpiga kinanda anaziota. Lakini pia alikuwa akiandika vipande vifupi vya kinanda cha kukanyaga, vya misa za kawaida, vya watu kama Mwalimu. Alifikia 59, akafariki kabla hajamaliza alivyokusudia. Koral nazipenda kwa roho yote, ila tarehe 8 Novemba napiga hivi vidogo, viwili vitatu, kabla ya misa ya jioni.

Tarehe 9 nahitaji kinanda chenyewe. Familia ilinipa, kwa kuwa kigango kilipata kile cha umeme. Kiko sebuleni kwangu Dar es Salaam, chini ya dirisha, na joto la huku limezidi kuilegeza gundi. Nimeziba upya mivukuto, mpira wa baiskeli nimeuacha ulipo. Binti mmoja wa kwaya yetu, wa kidato cha pili, anakuja Jumamosi kujifunza. Bado yuko mezani, kwa chaki. Juzi alilikuta daftari, akafungua Novemba, akasoma kwa kidole.

"Mwalimu, huyu wa tarehe 9 hana jina."

"Ana jina."

"Na kipande?"

Nikamtolea karatasi ya solfa kutoka kwenye bahasha, wimbo wa matoleo ambao Mwalimu alituachia bila kuandika ameutunga lini. Akaukalia mezani, akaanza kuupiga kwenye chaki, nami nikasimama nyuma yake nikimwimbia sauti ya kwanza.